Viatu vya Kocha Verlyn

Pa! Pa! Kiganja kilitua juu ya kiti cha basi, na Lorna akashtuka usingizini. Nyuma yake wazee wawili wa Iowa, waliotambulikana kwa masikio ya wanamieleka, yaliyovimba kama kabichi, walikuwa wakibishana juu ya mieleka.

"Kocha Verlyn, si uliaga mwaka juzi?" aliuliza yule mwembamba. "Uliacha viatu katikati ya mkeka, kama desturi yetu. Mimi nililia mpaka bisi zangu zikaloa."

"Nilivirudia kesho yake. Vijana wa chuo walikuwa wanashika mguu wa mtu kama wanakamua ng'ombe. Ningewaachaje?"

"Ukishaviacha umestaafu, mzee. Vile si mwavuli uliosahau."

Lorna alichekea ndani ya skafu. Mtu huyu alikuwa amefundisha miaka arobaini jinsi ya kuangusha wenzake, lakini kulala chini yeye mwenyewe hawezi.

"Leo ndio mwisho," alisema Kocha. "Mke wangu Irma kasema nikirudi navyo tena, anahamia kwa binti yetu Arizona bila mimi."

"Na vya kurudia nyumbani viko wapi?"

Lorna aligeuka, akachungulia. Kocha alikuwa amevaa viatu vilevile vya mieleka, na nje theluji ilifika magotini.

"Ahaa," alisema mwembamba. "Umeshajitafutia sababu ya kurudi navyo."

Kocha alivitazama viatu vyake kama aliyebanwa mabega yote mawili mkekani. Basi likasimama mbele ya ukumbi wa chuo. Akatoa simu, akapiga, akasema kwa sauti iliyomfikia hata dereva: "Irma mke wangu, nakuahidi, leo narudi na soksi."