Dada Aliyeificha Sauti Yake

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi walimu mliokaa upande wa kivuli, familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya dada yetu, nami ni mdogo wake, fundi wa kuchomelea mageti, baadhi yenu mna mageti kwangu hayajaisha na leo tusiyazungumze, sijazoea kusimama mbele za watu, na nikikwama mnivumilie, kwa sababu haya niliyoyaandika yananitisha mimi mwenyewe.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1971, katika hospitali ambako mama alikuwa akishona mashuka, akiwa mtoto wa kwanza wa mama huyo na wa baba yetu aliyekuwa mwashi, na mama alisimulia kwamba mtoto alichelewa kulia hadi mkunga akaingiwa na wasiwasi, ila alipolia, wodi nzima ilijua kuna mtu amewasili. Tulikulia nyuma ya karakana ya reli, nyumba ya vyumba viwili, na dada akisimama mlangoni kutuita tulimsikia tukiwa uwanja wa mpira, tukajifanya viziwi, naye akaita tena mpaka majirani wakatufukuza twende nyumbani ili wao wapumzike.

Alianza shule ya msingi mwaka 1978, akamaliza sekondari mwaka 1990, na Septemba 1991 akaingia chuo cha ualimu kusomea Kemia na Baiolojia. Walimu mnayajua haya, lakini sisi mafundi tuliona ajabu, kwamba kujua somo ni nusu tu ya safari, maana mwanachuo anafundishwa kuandika andalio la somo, anawafundisha wenzake wanaojifanya wanafunzi na kumsumbua makusudi, halafu anapelekwa shule ya kweli kwa mazoezi ya kufundisha, mkufunzi ameketi dawati la nyuma na kalamu yake, hatabasamu wala hakohoi. Siku yake ya kwanza dada alivunja chaki, akasahau jina la gesi aliyokwenda kuifundisha, darasa likacheka, akarudi nyumbani akasema haendi tena, na baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alimwambia kwamba hata yeye ukuta wake wa kwanza ulianguka, akaujenga upya kesho yake. Dada akajikaza kisabuni, akarudi, akahitimu Novemba 1993.

Januari 1994 aliajiriwa katika sekondari ya kutwa iliyo jirani na kiwanda cha matofali, akafundisha hapo maisha yake yote ya kazi, katika maabara yenye bomba lisilotoa maji na madirisha yanayoingiza vumbi jekundu, na kwa kuwa mashine za kiwandani zilinguruma mchana kutwa naye akazishinda, wanafunzi wakampa jina la Spika. Mwaka 1998 aliolewa na fundi wa mafriji, shemeji yetu huyu mnayemwona, ambaye hadi leo anasema alimsikia kabla hajamwona, na mwaka 2003 wakajaliwa mtoto wao mmoja, binti, ambaye sasa yuko mwaka wa pili katika chuo kile kile alichosoma mama yake.

Sasa nafika mahali pagumu. Mwaka 2021 lilitoka tangazo kwamba kila anayefundisha sekondari lazima awe na leseni, na ili kuipata alete cheti cha chuo, afanye mtihani wa somo lake, akaguliwe akiwa darasani, na alete cheti cha daktari kuthibitisha kwamba afya yake inamruhusu kufanya kazi, hata kama amefundisha miaka mingi kama dada. Mtihani aliufaulu, akatutambia wiki nzima, lakini mwanzoni mwa mwaka 2022 sauti yake ilianza kukwaruza, akasema ni chaki, kisha ikapungua, akasema ni vumbi la matofali, na shemeji alipombembeleza aende hospitali alijibu kwamba atakwenda akishapata leseni. Katika ofisi ya walimu palikuwa na uvumi kwamba daktari akikuandikia ugonjwa wa kudumu leseni huioni, hakuna aliyejua uvumi huo umetoka wapi, na hakuna ambaye hakuuamini. Basi alipokwenda kupimwa kwa ajili ya cheti, alikubali kupimwa presha, macho na uzito, na alipoulizwa kuhusu sauti alisema ana mafua.

Wakaguzi walikuja Oktoba mwaka huo. Wanafunzi wake, bila kuambiwa na mtu, walikubaliana wenyewe kwa wenyewe, hakuna aliyesogeza kiti, hakuna aliyefunua daftari kwa kelele, waliinama mbele wote kumsikiliza, na dada akafundisha kwa kunong'ona mpaka kipindi kikaisha. Wakaguzi walimsifu mbele ya walimu wenzake, wakasema hawajapata kuona darasa tulivu namna ile, na kwamba mwalimu huyu ni stadi, anajua kushusha sauti ili wanafunzi wamfuate. Alikuja kutusimulia jioni, anacheka na kicheko hakitoki, nasi tukacheka naye kwamba Spika kasifiwa kwa kunong'ona, kisha mimi nikatoka uani, joto lilikuwa kali siku ile, nikahisi baridi mgongoni.

Leseni aliipata Januari 2023. Tukadhani sasa atakwenda hospitali, kumbe hofu ilikuwa imezidi, maana mwanzo aliogopa kuikosa, na sasa aliogopa kunyang'anywa, akawa anavaa skafu shingoni hata jua kali, na ukimgusia habari ya daktari anaondoka chumbani. Alikubali mwezi Juni, alipokuwa hawezi kumeza hata chai. Nilikuwepo. Daktari alipoona uvimbe ule kooni alimuuliza kwa nini amekaa nao muda wote huo, na dada akajibu, kwa sauti ambayo ilibidi daktari ainame kuisikia, "Niliogopa watanipokonya leseni."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mwalimu," akasema, "hakuna anayepokonywa leseni kwa ugonjwa huu. Ungepewa likizo, tungekutibu, ungerudi darasani."

Shemeji aligeukia ukutani. Dada alibaki anamtazama daktari, na sura ile naiona kila nikifumba macho, sitaki kudanganya.

Alitibiwa kwa miezi minane, akafariki asubuhi ya tarehe 9 Februari 2024, mumewe akiwa amemshika miguu kwa sababu alilalamika kwamba inapata baridi. Baba mdogo aliniomba niandike tu kwamba aliugua kwa muda mfupi, na namheshimu sana baba mdogo, lakini nimekataa, maana hapa uani nasikia walimu wanaokohoa, na mnajijua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hawakumlaumu hata siku moja, majirani waliotupikia na kutufulia, mkuu wa shule na walimu waliogawana vipindi vyake bila kumwambia, na wanafunzi wa lile darasa, ambao nawaona pale ukutani, msijilaumu wanangu, mlinyamaza kwa mapenzi.

Limebaki moja. Binti yake sauti yake inakwaruza tangu mwezi uliopita, anasema ni kulia, na huenda ni kulia kweli, daktari ametueleza kwamba ugonjwa huu haurithiwi kama jina, lakini wiki ijayo ana mazoezi ya kufundisha mbele ya mkufunzi, na juzi nimemkuta amejifunga skafu ya mama yake. Nilimwambia sitaligusa hili hadharani, naye akaniambia, "Mjomba, lisome mbele ya watu wote, ili nisipate pa kukimbilia." Nimelisoma.

Dada, pumzika kwa utulivu, sisi huku tunaogopa mno, na Jumatatu asubuhi tunakwenda hospitali kwanza, chuoni baadaye.