Nilivyopewa Binti na Bibi Yake

Wapendwa, mke wangu amenionya nisilie, basi nitajitahidi.

Wengi wenu mnaniona mimi, fundi wa viyoyozi wa Hamriya, nikija misa na yule binti wa misuko miwili. Mama yake alikuwa nesi hospitali ya Ghubra, dada yetu kabisa hapa ugenini. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa. Alipobatizwa, mimi na mke wangu tukasimama kuwa wazazi wake wa ubatizo. Tukala keki, tukapiga picha. Nikadhani nimemaliza.

Kisha mama yake akaugua, akafariki. Mwili ukasafirishwa kwao Muheza, mtoto akabaki kwetu. Ndugu zangu, kibali chake cha kuishi hapa kilikuwa kimeshikamana na cha mama. Nikaenda ofisi ya uhamiaji kuulizia. Mzee aliyenipokea ni Mwomani wa asili ya Unguja.

"Wewe babake?"

"Baba wa ubatizo."

"Nnakufahamu, mwanangu, na yatima ni amana khasa. Lakini kwa sharia wewe bado si mlezi wake. Kwao kuna nani?"

"Bibi yake."

"Basi nenda kwake. Mahakama ya kwenu ikikupa ulezi, njoo, tutatazama."

Bibi nilishampigia simu. Alinijibu, "Binti yangu mmenirudishia kwenye sanduku. Mjukuu nirudishieni akiwa hai." Nikafunga mizigo. Nawaambia ukweli, nilijua naenda kumwacha.

Kulipokucha Muheza, nyumbani kwa bibi, mtoto akaniletea kitana, akakaa katikati ya miguu yangu. Mke wangu alibaki kazini huku, kwa hiyo kusuka kulikuwa juu yangu. Na mnajua vidole vya fundi!

"Baba, unavuta! Hiyo umeiruka, fumua."

Nikafumua. Bibi alikuwa anachambua mchele, ungo ukasimama mikononi. Akacheka. Majirani wakasema hajacheka tangu mazishi. Halafu akaniuliza:

"Kwani humsuka wewe?"

"Mama yake wa ubatizo akiwa kazini, mama."

Akaweka ungo chini. "Twende huko mahakamani. Ila likizo zote ndefu ni zangu."

Hakimu alipomuuliza bibi kama anakubali kwa hiari, alisema, "Damu ni yangu. Ila huyu ndiye anayemwita akiota vibaya."

Tulirudi na amri ya mahakama. Mzee wa Unguja alitimiza neno lake. Mwajiri wangu alikubali kudhamini kibali cha mtoto, Mungu ambariki. Nanyi akina mama wa jumuiya, mliotupikia tangu msiba mpaka tukasimama, asanteni.

Mkiombwa kumsimamia mtoto, msiishie kwenye keki. Kaeni na wazazi wakiwa wazima, muulizane: tukiondoka, nani atamlea, na sheria itamtambua vipi? Ni maneno mazito, lakini semeni.

Na bibi yake, ambaye leo hayupo hapa, namshukuru kuliko wote. Alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja tu duniani, akanipa mimi.