Neno Lililombeba: Wasifu wa Marehemu Wadii Ghattas Bishai

Marehemu Wadii Ghattas Bishai alizaliwa tarehe 17 Machi 1950 katika kijiji cha Nazlat Rizk, mkoa wa Minya. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Ghattas Bishai, mkulima wa miwa, na marehemu Mama Basima. Mdogo wake wa pekee alikuwa Nassif, na Wadii ndiye aliyekuwa akimbeba begani kila aendapo.

Alisoma shule ya kanisa hapo kijijini, kisha sekondari ya ufundi mjini Minya, akahitimu mwaka 1968. Akiwa bado mdogo, mwalimu aliwafundisha kwamba mwenye imani kama punje ya haradali anaweza kuuhamisha mlima. Mchana ule ule Wadii alisimama ukingoni mwa Nile, akauamuru mlima wa ng'ambo uje. Aliporudi mama yake alimwuliza, "Haya, umekuja?" Akajibu, "Umeshaanza kusogea, Mama, ila njaa imenizidi." Mama Basima alikisimulia kisa hicho katika kila harusi ya ukoo, na kila mara alicheka upya.

Alipotoka jeshini mwaka 1974 alishika kazi ya mashine ya kusaga ngano, kazi aliyoifanya mpaka uzeeni. Mashine ilikuwa ng'ambo ya mfereji, na daraja lake lilikuwa shina la mtende tu. Mteja mgeni akisitasita na gunia lake, Wadii alimpigia kelele, "Wee bwana, kanyaga! Ukisimama huko hutajua kama linabeba!"

Tarehe 2 Oktoba 1977 alifunga ndoa na Mufida Luka wa Mallawi, katika Kanisa la Kiinjili la Nazlat Rizk. Mungu aliwajalia watoto wawili, Bishai na Salwa. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alisoma Maandiko kwa sauti huku chai ikichemka. Mufida alizoea kumtania, "Baba Bishai, fupisha sura, chai imekuwa lami."

Tarehe 9 Julai 1984 Nassif alipigwa risasi akafa shambani, katika ugomvi wa zamu ya maji. Aliyempiga ni jirani, Hilmi Awad, aliyekuwa akikaa naye benchi moja kanisani. Mahakama ilimfunga miaka kumi. Lakini kwetu Saidi, huku Nile ya juu, kifungo hakimalizi jambo. Nyumba iliyouliwa mtu haipokei rambirambi mpaka damu ilipwe, na Mama Basima aliufunga mlango. Hakukuwa na hema wala kahawa. Waliokuja kutoa pole walirudishwa barabarani.

Ami Zaki, mdogo wake mzee Ghattas, alileta bunduki akaiweka mezani.

"Wewe ndiye mkubwa, Wadii. Hilmi kafungwa, lakini kaka zake wanatembea."

"Ami, Bwana amesema kisasi ni chake."

"Hayo ni ya kanisani, mwanangu. Hapa ni nyumbani."

"Basi kama si kweli nyumbani, ni kweli wapi? Kaburini kwa Nassif tulisoma kwamba atafufuka. Hilo nalo tuliache kanisani?"

Ami Zaki alisimama. "Nenda kavae gauni la mkeo, ukasome vizuri!"

Siku iliyofuata Wadii aliketi kula, akakuta mtandio mweusi wa mama yake umekunjwa juu ya sahani yake. Kila mtu mezani alijua maana yake: hapa hakuna mwanamume. Aliuondoa, akala. Tangu siku hiyo Mama Basima hakumwita tena kwa jina, na kisa cha mlima hakukisimulia tena.

Wengi walidhani marehemu alikuwa mpole kwa asili. Mufida anajua zaidi. Wadii alimwambia, "Sina msamaha moyoni, hata punje. Nikiwaona kaka zake Hilmi wakileta ngano, naikumbuka ile bunduki ya Ami. Nina neno tu. Nimelikanyaga kama lile shina la mtende, na sijui kama litanibeba." Ngano yao aliisaga.

Hilmi alitoka gerezani mwaka 1994. Mchungaji na wazee walipeleka ujumbe kwa Wadii kwamba Hilmi yuko tayari kuibeba sanda yake, kama afanyavyo muuaji anayeomba suluhu. Wadii alikubali. Ami Zaki naye alitangaza kwamba atakuwepo, na bunduki yake.

Ijumaa tarehe 16 Septemba, siku ya mapumziko kwetu, baada ya ibada, Hilmi alikuja peku, kichwa wazi, sanda yake mwenyewe imelala juu ya mikono yake miwili. Kijiji kizima kilijipanga pembeni ya njia. Kwa desturi, kazi ya Wadii ilikuwa moja: kuipokea sanda ile. Akiiacha mikononi mwa Hilmi, damu ingali inadaiwa. Hilmi alisimama mbele yake.

"Hii hapa roho yangu, Wadii. Uifanye utakavyo."

Wadii hakusogea. Mikono yake ilikataa kuinuka. Ami Zaki aliishusha bunduki kutoka begani, na mchungaji akafumba macho. Nyuma ya mlango, Mama Basima alikuwa akisikiliza.

"Bwana amesema kisasi ni chake," Wadii alisema, sauti ikikwaruza. Kisha tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayejiamuru mwenyewe. Ndipo mikono ikainuka, akaichukua sanda. Ami Zaki alitema mate chini, akaenda zake. Mlango wa Mama Basima haukufunguka.

Ulifunguka majira ya baridi. Asubuhi moja alikuja mwenyewe jikoni kwa Mufida, akaketi kusikiliza sura mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wadii, tandika mikeka. Pika kahawa. Watu waje wanipe pole ya Nassif." Alipofika mlangoni aligeuka. "Na ule mlima wako, mwanangu, umefika."

Marehemu alianza kuugua ini mwaka 2016, akatibiwa mjini Minya kwa muda mrefu. Siku za mwisho hakuficha hofu yake. "Naogopa, Mufida. Nisomee." Alipoulizwa asomewe wapi, alisema, "Popote. Lote limenibeba." Aliaga dunia nyumbani tarehe 11 Februari 2019, Mufida akiwa bado anasoma.

Ameacha mjane, Mufida. Watoto wawili, Bishai na Salwa. Na wajukuu watano, mmoja wao akiitwa Nassif.

Rambirambi zinapokelewa leo mpaka jioni katika hema mbele ya nyumba. Mlango uko wazi na kahawa iko tayari. Wanaosimama kupokea mikono ni Bishai Wadii na, kwa agizo la marehemu mwenyewe, Hilmi Awad.

Apumzike kwa amani, juu ya neno alilolikanyaga likambeba.