Mama Hilaria na Ndama wa Rangi ya Matobolwa

Baada ya miaka thelathini na moja katika ofisi yetu ya vitabu vya watoto hapa Bariadi, Mama Hilaria Mboje anastaafu tarehe 30 Juni. Waandishi tumefurahi. Tunadanganya, tuna huzuni tele, ila ile kalamu yake nyekundu hatutaililia.

Alianza kama mpiga chapa, akapanda hadi mhariri mkuu. Msimamo wake haukubadilika: mtoto wa hadithi aone na aseme kama mtoto, na mswada usiende kiwandani kabla ya kusomewa darasa la pili. Mimi Wilbroad niliwahi kuandika mtoto wa chekechea anayestaajabia "anga ya urujuani". Alinipigia simu niko harusini Nkoma, akaniuliza huyo mtoto ana shahada ya nini.

Kumbe naye alikuwa akiandika kimyakimya hadithi yake ya kwanza, ya msichana wa miaka saba aliyepotelewa na ndama. Alitaka itoke kabla hajaondoka. Tukaenda naye kuisoma shule moja ya Mkula. Ukurasa wa kwanza tu, msichana anamtafuta ndama wake "wa hudhurungi" huku "majonzi yakimlemea". Watoto wakaanza kuchezea madaftari. Binti mmoja, Milembe, akanyoosha mkono akauliza kama huyo anayetafuta ndama ni bibi. Jamani! Tulicheka mpaka mwalimu mkuu akaja kuchungulia.

Mama Hilaria hakucheka. Tuliporudi ofisini, mkurugenzi wetu akamwambia muda umekwisha, aipitishe tu, nani atamuuliza? Akakataa katakata, bora astaafu bila kitabu. Alirudi Mkula, akakaa na watoto malishoni akiwauliza ndama huyu ana rangi gani, na yule je. Kisha akawa anaandika na kufuta, na hasira zote akitumalizia sisi.

Tulipoisoma tena, ndama alikuwa wa rangi ya matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na msichana alitaka kulia lakini aliogopa kaka yake atamcheka. Darasa likatulia. Tulipofika mahali ndama haonekani na giza linaingia, Milembe akasimama, machozi yanamtoka, akataka tuache kusoma twende tukamtafute.

Mama Hilaria naye akalia, mbele ya watoto wote. Kitabu kimetoka wiki iliyopita. Amehariri vitabu vya watu wengi mno, na hiki ndicho cha kwanza chenye jina lake kwenye jalada.

Asante, Mama, kwa kutukatalia. Tunakuombea afya njema na furaha huko nyumbani Nyalikungu, na utuandikie kingine.