Mansukh Raichura, Mtu wa Kumi wa Golders Green

Ndugu na jamaa, mdogo wangu aliagiza wasifu wake usomwe kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza, alisema, ni lugha ya kujaza fomu. Wajukuu watavumilia, wanaelewa kuliko wanavyokiri. Mimi ni Chandrakant, kaka yake.

Marehemu Mansukh Raichura alizaliwa Kisumu tarehe 14 Aprili 1949. Alisoma huko huko mpaka kidato cha nne mwaka 1966, akapasi jiografia kwa alama za juu, jambo ambalo halikumsaidia hata kidogo siku aliyofika Landani.

Alitua Heathrow Jumanne, tarehe 27 Februari 1968, siku zile Wahindi wa Kenya tulipokuwa tukikimbilia huku kabla mlango haujafungwa. Mimi, niliyekuwa nimetangulia Landani, nilitoka mtaani kwangu Walthamstow kwenda kumpokea, nikapanda treni ya upande usio wake, nikachelewa kwa saa tatu nzima. Uwanjani alikuwapo kijana mwenye kofia ndogo, akimsubiri mwanafunzi Myahudi kutoka Bombay. Mwanafunzi huyo alikuwa mmoja wa vijana waliomaliza shule, wanaokuja kwa mwaka mmoja kabla ya chuo: asubuhi wasome dini, mchana wajitolee kuwahudumia wazee. Kijana akamwona Mhindi peke yake na sanduku. "Wewe ndiye mgeni wetu?" Mama alitulea tusikatae kukaribishwa. Mansukh akasema ndiye. Yule wa Bombay, tulisikia baadaye, aliahirisha safari akaoa.

Akampeleka Golders Green kwa Rabi Lewin, aliyekuwa akiwalaza na kuwafundisha vijana hao. Wakamwuliza kama anakula nyama; aliposema hajaigusa tangu azaliwe, mpishi alimshukuru Mungu, maana sheria zao za nyama na maziwa zilikuwa zimemchosha. Akapewa kofia, kitabu na kitanda. Alidhani ni mambo ya Waingereza ambayo Kisumu hatukufundishwa.

Wiki ya tatu barua ya Mama ilinipa anwani. Nikaenda, nikaona, nikamwambia, "Hawa ni Wayahudi, na wanadhani wewe ni mwenzao." Akachukua koti aende kuomba radhi. Nikamzuia. Walthamstow tulikuwa tukilala sita chumba kimoja, na yeye alikuwa na hita yake peke yake. "Nyamaza," nilimwambia. "Mwaka si mwingi."

Akanyamaza, akasoma. Balaa ni kwamba alisoma vizuri. Kila alfajiri alikuja mgane mmoja, Mzee Adler, asiye na mtoto, kumsomea marehemu mkewe sala ambayo haisomwi mpaka wanaume kumi wa Kiyahudi wawepo. Wa kumi alikuwa Mansukh. Mwezi Septemba, kuelekea siku yao kuu ya toba, Rabi akafundisha kwamba Mungu husamehe aliyokosewa yeye, lakini ukimkosea mtu, sharti umwendee mtu huyo. Mansukh hakula mchana. Jioni akasema kweli mbele ya wote wawili.

"Basi miezi saba nimemwombea Hannah tukiwa tisa?" Mzee Adler aliuliza.

Rabi akataka kujua kwa nini hakusema mapema. "Mliniuliza kuhusu nyama tu," alijibu Mansukh. Rabi akacheka, kisha akauona uso wa mzee, akaacha. Akauliza ni nani aliyemshauri anyamaze.

"Hakuna. Ni mimi mwenyewe."

Wiki tatu mzee hakumsemesha. Mansukh akajitwika kazi ya kugonga milango kila alfajiri, akimtafuta mtu wa kumi wa kweli. Alimleta daktari wa meno mwenye pajama chini ya koti, na bwana mmoja aliyekuwa ametoka tu kumtafuta paka wake. Asubuhi ya wiki ya nne Mzee Adler akamwambia, "Kesho tumepungukiwa wawili. Toka mapema." Mansukh alilia njia nzima.

Kazi ile hakuiacha tena. Kuanzia 1970 mpaka 2009 alikuwa kondakta, kisha dereva wa basi, na kabla ya zamu alikuwa ameshagonga milango yake. Jumapili, tarehe 13 Julai 1975, alimwoa Vasanti, nesi kutoka Nakuru, wakahamia Stanmore. Rabi alihudhuria, akala machungwa manne tu, maana sheria zao hazikumruhusu chakula cha vyungu vyetu. Mwezi wa kwanza Vasanti alishuku kuna mke mwingine, akamfuata kwa siri alfajiri, akamkuta amemshika mkono mzee mwenye ndevu na kandambili. Alirudi kulala.

Mwaka 2017 figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa kwa uvumilivu, wake na wa manesi. Aliaga dunia Jumatano, tarehe 6 Novemba 2019, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha mjane, Vasanti, watoto wawili, Hansa na Dilip, wajukuu watano, na rafiki yake Rabi Lewin, mwenye miaka tisini na mbili, aliyeketi pale mbele. Ameacha pia kaka mmoja. Rabi, jioni ile ulipomwuliza, Mansukh alikudanganya. Aliyemwambia anyamaze ni mimi, na kwa miaka hamsini na mmoja hakunitaja, hata siku tulizogombana. Mzee Adler hayupo nimwendee, na Mansukh nimemchelewea tena. Nakuja kwako. Nimekosa, na nampenda mdogo wangu.

Hansa, mtafsirie Rabi. Na Mansukh wetu apumzike kwa amani.