Taa ya Mama

NOVATUS: Haloo? Nani mwenzangu?

AVELINA: Kaka, ni mimi Avelina. Shikamoo.

NOVATUS: Marahaba. Namba ngeni hii.

AVELINA: Simu ya jirani, yangu haina chaji. Unanisikia? Kuna muungurumo huko.

NOVATUS: Ni boila, tanuri la kuni la mtambo wa umeme. Ngoja nisogee kwenye rundo la magogo. Haya, sema. Huko nyumbani Nyabusozi hawajambo?

AVELINA: Hatujambo. Ila baba... [mtandao unakwaruza] ...tangu jana hajazima taa.

NOVATUS: Baba? Si ndiye aliyesema umeme wa kuni utatuchomea nyumba?

AVELINA: Ndiye. Sasa taa inawaka mchana kweupe na madirisha kayafunga.

NOVATUS: Anaumwa?

AVELINA: Haumwi. Kaka, jana alikwenda kaburini kwa mama kupalilia. Akakuta ule mti wake wa mgrevilea haupo. Kisiki tu.

NOVATUS: Haupo vipi?

AVELINA: Wale wanaokusanya matawi kwenye shamba la miti walivuka mpaka. Wamekata, wakapakia kwenye trekta—

NOVATUS: Trekta jekundu?

AVELINA: Jekundu. Limekuja huko kwenu. Kaka?

NOVATUS: Kile kibati baba alichopigilia kwenye huo mti siku tunamzika mama... kilikuwa bado kipo?

AVELINA: Kilishamezwa na gome. Ilibaki ncha tu. Kwa nini?

NOVATUS: Ncha ya juu? Imepinda?

AVELINA: Umejuaje? Novatus, umejuaje?

NOVATUS: Bati linavunja meno ya mashine ya kukatakata kuni. Huwa tunalibandua kwanza. Nikadhani ni kibao cha mpaka.

AVELINA: Uli— wewe mwenyewe?

NOVATUS: Mikono yangu hii, Avelina.

[mtandao unakwaruza]

AVELINA: Basi usimwambie. Ingawa nadhani anajua. Anaongea na taa, kaka. Anampa mama habari za maharage, za ndugu yetu Happyness kujifungua. Anamwita Marsiana. Tangu tumzike hajawahi kulitamka hilo jina.

NOVATUS: Na wewe unafanya nini?

AVELINA: Nakaa nje. Jana nilitaka kuzima nilale, akanishika mkono. Ananiambia, mwanangu, usimzime.

NOVATUS: Sikia. Leo tunazima boila. Majivu yamejaa, lazima yatolewe. Fabiani, msimamizi wangu, ananipungia mkono hapa.

AVELINA: Msizime.

NOVATUS: Siamui mimi. Tukiiacha itapasuka, kuna watu humu.

AVELINA: Basi njoo umwambie mwenyewe. Mimi siwezi.

NOVATUS: Mpe simu.

AVELINA: Novatus—

NOVATUS: Mpe tu.

[mlango unafunguliwa, sauti ya mzee inanong'ona, inanyamaza]

BABA: Nani?

NOVATUS: Shikamoo baba. Novatus.

BABA: Marahaba. Uko huko huko kwenye moto?

NOVATUS: Niko huku, baba.

BABA: Mama yako leo kachangamka. Jana alikuwa anapepesa, anapepesa. Leo katulia.

NOVATUS: Baba, taa itazimika sasa hivi. Tunatoa majivu. Itarudi kesho, lakini...

BABA: Lakini itakuwa ya miti mingine.

NOVATUS: Ndiyo, baba.

BABA: Ni wewe uliyemtia humo?

NOVATUS: Ni mimi. Sikujua.

[mtandao unakwaruza]

BABA: Afadhali wewe kuliko mgeni. Hayo majivu nitunzie kidogo.

NOVATUS: Nitayaleta mwenyewe.

BABA: Sasa nipe nafasi nimuage. Mwaka ule nilifika hospitali wameshamfunika.

NOVATUS: [kwa mbali] Fabiani, subiri. Nimesema subiri, nakuja. [karibu] Muage, baba.

AVELINA: Kaka, ni mimi. Kanirudishia simu. Amesogeza kigoda chini ya taa, kavua kofia. Vocha ya jirani inakwisha—

NOVATUS: Mwambie asiharakishe. Nimeshafika kwenye boila, mkono wangu uko kwenye swichi ila sijabo—

[simu inakatika]