Watoro Arobaini wa Madam Rodah

Pale Boito, kando ya banda la kupimia majani chai, kuna benchi ambalo wakulima hungojea lori la kiwanda, na lori likichelewa benchi hugeuka bunge. Cha ajabu, watu hawa wanaolima chai mpaka mlangoni hapo hunywa kahawa. Ni ya Nyaberi, aliyeingia nayo kutoka upande wa Kisii akaambiwa hatauza hata kikombe, akakaa miaka kumi kwa ubishi tu. Asubuhi hiyo Weldon alifika bila kusalimia mtu. Binti yake Phyllis, wa kidato cha tatu, alikuwa na plasta ya mfupa mguuni wiki ya sita sasa, tangu boda boda imwangushe. Kilichomshikilia masomoni ni tovuti ya darasa: Madam Rodah hurekodi kila kipindi cha hesabu kwa simu, anakiweka pale, na asiyekuwepo anafuata akiwa kitandani. Sasa prinsipo, mkuu wa shule, alikuwa ameamua kuifunga.

— Anafunga kwa nini? aliuliza Meneja, yaani mzee Kipkemoi, ambaye hajawahi kusimamia kitu maishani isipokuwa mabishano ya benchi hilo.

— Kompyuta imeonyesha watazamaji arobaini na mmoja, alisema Weldon. Na darasa zima, mgonjwa ni Phyllis peke yake. Prinsipo anasema hao arobaini ni watoro. Wanalala nyumbani wakijua somo litawafuata huko.

— Na mtoto?

— Eti arudie kidato! Mimi sikubali. Hata walete askari, sikubali!

— Kaa, kunywa kwanza, alisema Meneja. Hiyo ni kazi ya shule jirani. Wameona Madam anafundisha vizuri, wanaiba hesabu kidogo kidogo, vile watu huiba kuni.

— Hesabu haiibiwi, alisema Obure, fundi wa kinu cha kusaga unga wa posho, ambaye wote humwita Spana. Ni upepo. Upepo wa hapa ukipiga ule mnara wa simu, video inaanza upya yenyewe.

— Upepo unajua kubonyeza?

— Meneja, simu za siku hizi ni za kugusa. Upepo haugusi?

— Mimi naona ni watu wa ng'ambo, Nyaberi aliingilia, birika mkononi. Wanataka kujua sisi huhesabu kilo namna gani, ndio kesho waje kutupunja.

— Kutupunja tuna watu wetu! Meneja alifoka. Hatuhitaji wageni.

— Nimesema upepo! Spana alisimama, akanyoosha mkono. Angalieni hicho kilima. Unashuka hapo na gredienti ya moja kwa tatu, unafika kwa mnara ukiwa na hasira.

Weldon aliweka kikombe chini.

— Unashuka na nini?

— Gredienti, ule mwinamo wa mstari.

— Spana, wewe uliacha shule darasa la tano. Hiyo gredienti umeitoa wapi?

Spana alitoa spana mfukoni, akaanza kuifuta, na haikuwa chafu.

— Somo la sita, alisema. Lakini mbona mimi tu? Huyu Meneja yuko la tisa!

— Mwongo! Meneja aliruka. Niko la nane. Lile la duara limenikataa, nalirudia.

— Mimi naangalia na mama watoto, alisema Nyaberi kwa upole. Ameshanipita.

— Na mlipata wapi hiyo tovuti?

— Si wewe? alisema Spana. Ile Jumapili uliituma kwa kundi la wakulima ukidhani unamtumia Phyllis. Kundi, ukijitoa wewe, ni watu arobaini. Jumlisha Phyllis.

Weldon alihisi masikio yakiwaka. Kumbe ni kidole chake mwenyewe kilichokuwa kinamfungia mtoto darasa.

— Basi twendeni mkaseme ni nyinyi.

— Mimi? Meneja alishtuka. Nina wajukuu watatu katika hiyo shule! Nisimame mbele yao niseme duara limenikataa?

— Kwa hivyo Phyllis arudie kidato ndio wewe usionekane?

Meneja aliangalia ndani ya kikombe chake.

Boda boda ikasimama hapo barabarani, akashuka Priscah, karani wa shule, na bahasha mkononi.

— Baba Phyllis, saini hapa kwamba umejulishwa. Tovuti inafungwa kesho.

— Sisaini! Chukua kalamu uandike wewe. Mwambie prinsipo watoro wamepatikana. Hawa hapa.

Priscah aliwatazama mmoja mmoja. Hakucheka. Aligeuza bahasha, akaandika juu ya tangi la pikipiki.

— Majina?

— Obure.

— Nyaberi. Na mke wangu, Mongina. Yeye mweke juu yangu.

Weldon hakumwangalia Meneja. Alijua akimwangalia, mzee atakataa.

— Kipkemoi, ilitoka sauti, na mzee akasimama kabisa.

— Sawa, alisema Priscah. Sasa, nyinyi mko kidato gani?

Spana alihesabu vidole kuanzia darasa la tano, akavipoteza. Nyaberi alitikisa birika, lilikuwa tupu.

— Andika tuko, alisema Meneja mwishowe. Kidato atatafuta prinsipo. Na umwambie akitaka kutufukuza, afanye vile yeye hufanya: atutume nyumbani tulete wazazi. Wangu wako kaburini kule Sigor. Atangoja sana.